Usiilipie Kadi Kabla Hujaiona Ikitoka Jasho

Wadogo zangu, siku hizi ujumbe mnaonitumia ni wa aina moja: picha ya kadi ya grafiki imelazwa juu ya shuka, bei imeandikwa chini yake, halafu swali, "Dada, nichukue?" Wengine mnaongeza kwamba muuzaji ana haraka, kuna mtu yuko njiani anakuja na hela mkononi. Huyo wa njiani mwacheni aje achukue. Kadi zilizotumika zimejaa sokoni, kuanzia Kariakoo hadi barabara ya Luthuli kule Nairobi, na kila wiki zinaingia nyingine. Hela uliyodunduliza kwa miezi haiingii kila wiki.

Sasa, kabla sijaitazama hiyo kadi, mimi nina swali langu: kompyuta yako ni ipi? Wengi wenu mnazo zile za ofisini zilizotoka Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zikasafishwa na kuuzwa upya. Ni mashine nzuri, na ukiwa na bajeti ndogo mimi ningekwambia uanzie hapo hapo. Ila zilitengenezwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua. Aliyezitengeneza hakuwaza kwamba siku moja kijana wa Mbagala atataka kuchezea GTA ndani yake.

Kwa hiyo zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, utafute lile boksi la bati ambalo waya wa umeme unaingilia. Hiyo ndiyo pawasaplai. Ina kibandiko, na kwenye kibandiko kuna idadi ya wati. OptiPlex 9020 nyembamba, kwa mfano, ina wati 255, na ile ndefu ya mnara ina 290. Hizo ni kwa kila kitu kilichomo ndani: prosesa, diski, feni, na hiyo kadi unayotaka kuipachika. Kisha angalia nyaya zinazotoka kwenye boksi. Je, upo wa pini sita, au wa pini nane unaokwenda kwenye kadi? Kwenye mashine nyingi za ofisini haupo kabisa.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea, kwa hiyo nisikilizeni taratibu. Tundu refu la kadi kwenye ubao mama linatoa wati 75, haliruhusiwi kuzidi hapo. Waya wa pini sita unaongeza 75, wa pini nane unaongeza 150. Kadi kama AMD Radeon RX 580, ambayo mnaipenda kwa sababu bei imeshuka, inataka wati 185 ikiwa kazini. Ukiileta kwenye OptiPlex ya wati 290, hata kama itawaka, gemu likichachamaa mashine itazima, au pawasaplai itakufa na pengine kuondoka na vingine. Atatokea mtu wa kukwambia kuna adapta, unachomeka kwenye waya wa diski upande huu, upande mwingine unapata pini nane. Mdogo wangu, usiikubali. Plagi ile ya diski imepimwa kubeba wati 54 hivi kwenye laini ya volti 12. Unaiomba ibebe 150. Plastiki inayeyuka, na kwenye nyumba nyingi tunalala chumba cha pili.

Na usidhani kubadilisha pawasaplai ni jambo la dakika tano. Hiyo 9020 plagi yake ya ubao mama ina pini nane, wakati pawasaplai za kawaida dukani zina 24, kwa hiyo utahitaji waya wa kubadilishia, na kwenye kasha jembamba boksi la kawaida halitaingia hata ukisukuma. Jumlisha gharama hizo kwenye bei ya kadi ndipo useme ni rahisi au ghali.

Mwenye mashine ya ofisini isiyo na nyaya za ziada, kadi zako ni zile zinazotosheka na wati 75 za tundu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya 2019, na RX 6400 ya 2022 inayokula wati 53 tu. Kama kasha lako ni jembamba, unahitaji toleo la kimo cha nusu, lenye bati fupi la kufungia nyuma. Uliza kabla ya kupanda daladala, maana picha ya shukani haionyeshi kimo. Na GTX 1650 nyingine zimeongezewa kasi kiwandani na zina tundu la pini sita. Jina ni lile lile, mahitaji si yale yale. Hiyo RX 6400 nayo inatumia njia nne tu za kupitishia data, kwa hiyo kwenye ubao mama wa zamani inapungua nguvu. Pia haina sehemu ya kurekodi video ndani ya chipu, basi wanaotaka kurusha gemu zao YouTube waiache.

Tazama monita yako pia. Kama nyuma ina tundu la VGA peke yake, jua kwamba kadi za miaka hii zinatoa HDMI na DisplayPort, na utahitaji kigeuzi chenye chipu yake.

Haya, tuseme mashine iko sawa. Twende sokoni.

Mnaniuliza sana kuhusu kadi za machimbo. Kwa wasiojua: kwa miaka kadhaa watu walikuwa wanapanga kadi sita, nane, kwenye fremu moja, zinakokotoa usiku na mchana kutafuta sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukabadilisha utaratibu wake, kadi zikakosa kazi ile, na wenye machimbo duniani kote wakaanza kuzimwaga. Nyingi ya RX 570, RX 580, GTX 1660 Super na RTX 3060 Ti mnazoziona kwa bei nyepesi zimepita huko.

Maoni yangu yanawashangaza wengine: kadi ya machimbo siikatai kwa sababu hiyo peke yake. Mchimbaji mwenye akili alikuwa anaipunguzia umeme ili apate faida, na joto lake lilikuwa halipandi na kushuka kila saa kama la mcheza gemu. Kinachochoka kule ni feni, pamoja na ile krimu na vile vijimkeka laini vinavyokaa kati ya chipu na mapezi ya kupozea. Feni inabadilishwa. Krimu inapakwa upya na fundi kwa gharama ya kuvumilika. Ninachokikataa ni uongo. Mwulize muuzaji moja kwa moja: imechimba? Akikujibu ndiyo, na bei ameshusha, kaa mzungumze. Akiapa kwamba ilikuwa ya kijana wake anayecheza wikiendi, huku nyuma yake naona nyingine saba za aina ile ile, mimi naaga. Tahadhari ya pekee niwape kwenye RTX 3080 na 3090: memori zake zinachemka sana, na zikitoka machimbo zinaweza kuwa zimepikwa kwa miezi mingi kwenye joto linalokaribia nyuzi 100.

Kuna kadi moja ya kuiogopa hata bila ugomvi: P106-100. Ni ndugu wa GTX 1060, ila ilitengenezwa kwa uchimbaji na haina tundu lolote la kupelekea picha kwenye skrini. Kuna wajanja wanaoifanya ifanye kazi kwa kuzungusha picha kupitia chipu ya ubao mama. Kama wewe si mmoja wao, bei yake isikutamanishe.

Halafu majina. Viwanda vyenyewe vinatupa majina yanayofanana kwa vitu visivyofanana. GTX 1060 ipo ya gigabaiti 3 na ya gigabaiti 6, na tofauti haiishii kwenye memori. Ya 3 ina viini 1152, ya 6 ina 1280. RX 580 halisi ina viini 2304, lakini lipo toleo lililouzwa China lenye 2048, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Ukilipa bei ya 2304 ukapewa 2048 umepigwa, ingawa kadi haina ubovu wowote.

Na wapo wanaoghushi kabisa. Wanachukua kadi kuukuu kama GTS 450 ya mwaka 2010, wanaibadilisha programu yake ya ndani, na kompyuta inaitambua kama GTX 1050 Ti. Ukifungua gemu ndipo maajabu yanapoanza. Dalili ya kwanza unaiona kwa macho: tundu la VGA. Chipu za kizazi cha GTX 10 hazitoi picha ya VGA zenyewe, hivyo 1050 Ti yenye tundu la bluu la pini 15 inakupa sababu ya kusimama na kuuliza. Dalili ya pili inaonyeshwa na programu ya bure inayoitwa GPU-Z, ambayo tangu 2018 inazitambua nyingi za namna hiyo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ndani yake soma pia idadi ya viini. 1050 Ti ina 768. GTS 450 ina 192.

Sasa siku yenyewe ya kwenda kuitazama. Hapa sitaki mharakishe hata kidogo, maana gari hulijui likiwa limeegeshwa, unalijua kwenye mlima lina abiria. Nendeni mchana, dukani au nyumbani kwa muuzaji, mahali penye umeme na kompyuta. Anayesema mkutane kituo cha mwendokasi atakukabidhi kwenye mfuko, mwambie asante. Beba flashi yenye GPU-Z, FurMark na draiva za kadi yenyewe, ili usitegemee bando la mtu.

Kadi ikiwa bado haijachomekwa, ishike mkononi, igeuze kwenye mwanga wa dirisha. Skrubu nne zinazozunguka chipu kwa nyuma: zimekwaruzwa na bisibisi? Maana yake imefunguliwa. Haimaanishi ni mbovu, ila uliza kwa nini. Ubao umebadilika rangi kuwa wa kahawia karibu na chipu, au kuna utelezi unaonata kama gundi? Hapo pamepigwa hewa ya moto kuamsha chipu iliyokufa. Kadi kama hiyo hufufuka wiki mbili tatu, ikazimika tena, na ukimrudia muuzaji atakwambia ulipotoka nayo ilikuwa nzima. Mafuta yaliyochirizika pembeni ya memori ni ya vile vijimkeka laini, yanafutika, wala yasikutishe. Kutu ndiyo inayonitisha mimi zaidi, hasa kwetu sisi wa pwani. Hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa ikiingia chumba kisichofungwa inakula bati la nyuma kwanza, kisha skrubu, kisha miguu ya vipuri vidogo. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye miguu hiyo, irudishe mezani. Inuse pia. Harufu ya kuungua haijifichi. Zungusha kila feni kwa kidole. Izunguke laini, isimame yenyewe polepole, isiyumbe kama sahani iliyopinda.

Ichomekwe. Fungua GPU-Z, soma jina, viini, memori. Kwenye mstari wa Bus Interface utaona namba kama x16. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni ili kadi ipewe kazi kidogo, na utazame kama namba ya njia inabaki pale inapopaswa. Kadi ya njia 16 inayosoma 4 au 1 inaweza kuwa na meno machafu au yaliyokwanguka. Fungua pia Device Manager. Alama ya njano yenye mshangao na maneno Code 43 maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa kuwa ina tatizo, na hadithi ya "ni draiva tu" aimalize yeye mwenyewe muuzaji, mbele yako, kabla ya hela kutoka.

Kisha FurMark, dakika kumi. Ni programu inayoibana kadi kuliko gemu lolote. Kaa mbele ya skrini, usichezee simu. Unatafuta vidoti vya rangi, mistari, vigae vya mraba vinavyomulika, skrini kuwa nyeusi kidogo na kurudi. Hivyo vyote ni memori au chipu inayougua, na hakuna bei inayovifidia. Soma joto. Likitulia chini ya nyuzi 80 kwenye chumba cha kawaida cha Dar, nafurahi. Likifika 83, 84 na kasi ikaanza kushuka, krimu imekauka au feni imechoka, na hayo ni matengenezo ya kukatwa kwenye bei. GPU-Z inaonyesha pia sehemu yenye moto zaidi kwenye chipu. Ikipishana na joto la kawaida kwa zaidi ya nyuzi 30 hivi, mapezi hayagusi vizuri.

Baada ya hapo omba gemu la kweli, nusu saa. Kisha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: zima kompyuta, iache ipoe mpaka kadi iwe ya baridi mkononi, iwashe tena. Kadi iliyoamshwa kwa hewa ya moto mara nyingi inajisaliti hapo, kwenye kupoa na kupata moto tena. Malizia kwa kuhamisha waya wa monita kwenye kila tundu la kadi, moja moja. Muuzaji mwema atakuletea kiti. Asiyetaka ufanye haya amekwisha kukujibu.

Wadogo zangu wa kike, neno moja kwenu. Mnaniandikia kwamba mkifika dukani mnaulizwa "umetumwa na nani?", au fundi anaongea na kaka uliyeongozana naye huku mwenye hela ni wewe. Shika hiyo kadi mwenyewe. Soma viini kwa sauti. Uliza feni imebadilishwa lini. Mtu akishaona unajua 2048 na 2304 zinatofautiana nini, lugha yake inabadilika, na bei nayo. Hamhitaji ruhusa ya mtu kupenda gemu.

Nichague ipi, basi? Nitasema ninavyoona mimi. Kwa mwenye pawasaplai nzuri ya wati 450 na waya wa pini nane, chaguo langu la kwanza ni RX 6600 ya mwaka 2021: gigabaiti 8, inakula wati 132, haichemki ovyo. Bajeti ikiwa chini ya hapo, GTX 1660 Super ya gigabaiti 6 bado inamheshimu mtu. RTX 2060 ni nzuri pia, nayo ina uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga, jambo ambalo kadi za GTX hazina kwenye chipu. Zamani ningekwambia ni pambo. Lakini Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinaudai uwezo huo ndipo zifunguke.

Familia ya GTX 10, yaani 1050 Ti, 1060, 1070 na 1080, tuliipenda sote, ila NVIDIA ilitangaza kwamba mwisho wa draiva zake za gemu ni Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Haitazimika kesho. Gemu la mpira la FC 25 linaitaja 1050 Ti kuwa kiwango cha chini kabisa, na wanaocheza Counter-Strike 2 au GTA V ya zamani wataendelea kucheza. Ila muuzaji asikutajie bei ya miaka mitatu iliyopita kwa kadi ambayo mwenye kiwanda ameshaiaga.

Malipo. Usitume "ya kushikilia", wala nauli ya kuleta kadi, kwa mtu uliyemwona kwenye tangazo la Jiji au la Facebook tu. M-Pesa ikishatoka, kuirudisha ni safari ndefu. Lipa kadi ikiwa bado inafanya kazi mbele yako. Piga picha namba ya mfululizo ya kiwandani (serial number) kwenye kibandiko, iandikwe hiyo hiyo kwenye risiti pamoja na jina la duka, simu na muda wa kuirudisha. Mimi siombi chini ya wiki mbili. Walio Kigoma, Songea au Lindi, mnaoletewa mzigo kwa basi, tafuteni binamu, shemeji, rafiki wa chuo aliyeko mjini aende kuijaribu kwa niaba yenu, akupigie video FurMark ikiendelea huku namba ile ya kibandiko inaonekana. Mpe nauli na soda. Ni hela iliyokwenda mahali pake.

Ukifika nyumbani, ondoa draiva za kadi ya zamani kwanza, halafu ndipo uweke mpya. Usichomeke mashine ukutani moja kwa moja. Umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo, na stabilaiza au UPS ya kawaida inaokoa mengi. Mashine usiiweke sakafuni, vumbi la chini ndilo linaloziba mapezi.

Na zile wiki mbili za risiti, itumie kadi kwa nguvu zako zote. Cheza gemu zito unalolimiliki, saa nyingi, mchana wa joto. Wengine huitunza kama yai mpaka muda wa kuirudisha upite, ndipo wanaanza kuicheza. Ikionyesha vidoti siku ya tano, rekodi video hapo hapo, usiifungue skrubu hata moja, usimwite fundi wa jirani aipulize. Ichomoe, ifunge kwenye boksi lake, chukua risiti, uwe dukani asubuhi wakifungua, kabla wateja wengine hawajajaa.